Mchoro ni wa Mwingine, Msumeno ni Wangu: Kazi ni ya Nani?

Liko swali ambalo watu hulipita upesi, nalo ni hili: mtu akikata kitu kizuri kwa kufuata mchoro uliochorwa na mtu mwingine, je, aweza kusema, "Hii ni kazi yangu"? Wengine hujibu mara moja, Naam, kwa kuwa mikono ni yake. Wengine hujibu, La, huyo amefuata mistari tu, hata mtoto aweza. Mimi naona ya kuwa majibu haya yote mawili yamepungukiwa, nami nitajaribu kuonyesha sababu kwa kutazama kazi moja ndogo, ambayo ndani yake swali hili laonekana waziwazi kuliko katika kazi nyingi nyingine. Ni kazi ya kukata nakshi za mbao kwa msumeno mwembamba.

Si wasomaji wote walioiona kazi hii, basi yafaa kwanza niieleze. Watu wa Ulaya na Marekani huifanya zaidi kwa kujipumzisha jioni, baada ya kazi zao za mchana. Msumeno wake wa mkono ni fremu ya chuma mfano wa upinde, na mahali pa kamba ya upinde pana ubapa mwembamba wenye meno madogo sana. Msumeno wa mashine una mikono miwili, mmoja juu ya meza na mmoja chini yake, na ubapa umesimama katikati ukipanda na kushuka. Zamani mashine hiyo ilikanyagwa kwa miguu kama cherehani. Siku hizi huendeshwa kwa umeme, na ubapa waweza kupanda na kushuka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Ubapa wenyewe una urefu wa inchi 5, na ulio mwembamba kabisa huonekana kama uzi mnene. Msumeno huu haupasui mbao za kujengea. Hukata fremu za picha, misalaba, sanamu bapa za wanyama, maandiko ya kutundika ukutani, nyuso za watu, na vile vipande vya picha ambavyo watoto huviunganisha tena.

Vipande hivyo ndivyo vyenye habari ya zamani. Katika miaka ya 1760, mtu mmoja wa London, jina lake John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuzirudisha nchi mahali pake. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, kukata nakshi kukaenea sana katika nyumba za Uingereza na Marekani. Mwaka 1895 likaanza gazeti Uingereza lililoitwa Hobbies, nalo liliwapa wasomaji wake michoro ya kukata. Na kampuni yake, iliyokuwa katika mji wa Dereham, iliwauzia misumeno na mbao. Hapo ndipo swali letu lilipopata nguvu. Mchoro mmoja wa kasha la saa ulikatwa na watu wengi wasiojuana, na kila mmoja aliiweka saa yake sebuleni, akawaambia wageni, "Nimeitengeneza mimi." Je, walisema kweli?

Hapa kwetu pwani hatuko mbali na jambo hili. Aliyefika Mji Mkongwe wa Unguja ameona roshani zilizopambwa kwa mbao zilizokatwa matundu na maua kama kitambaa cha lesi. Jengo lisifiwalo zaidi ni Zahanati ya Zamani, kule ufukweni. Tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, akafa mwaka 1891 kabla halijakwisha, likamalizika mwaka 1894. Jina la tajiri twalijua. Ni wangapi kati yetu wawezao kumtaja fundi mmoja aliyekata mbao zile, au aliyechora ua lile la kwanza? Basi mwaona, wanaodai sifa ya kazi moja waweza kuwa watatu: aliyechora, aliyekata, na aliyelipa.

Nianze na aliyekata, kwa sababu yeye ndiye adharauliwaye. Wasema amefuata mistari tu. Anayesema hivi na aketi mbele ya ule msumeno aufuate mstari mmoja wa duara, ndipo tuzungumze. Atagundua kwanza ya kuwa msumeno hauendi mbele. Mbao ndiyo iendayo, naye huiongoza kwa vidole vilivyo karibu sana na meno. Tena atagundua ya kuwa ubapa haukati moja kwa moja. Bapa za kawaida zina ukingo mkali kidogo upande mmoja, uliobaki zilipotengenezwa kiwandani, hasa upande wa kulia. Kwa hiyo ubapa huvuta kulia, na mkataji hana budi kuigeuza mbao kidogo apate mstari ulionyoka. Hilo halimo katika mchoro. Mikono hujifunza yenyewe.

Kisha kuna matundu ya ndani. Tuseme mchoro una ua lenye matundu 60. Kila tundu hutobolewa kwanza kwa keekee. Ubapa hufunguliwa upande mmoja, hupitishwa tunduni, hufungwa tena na kukazwa, ndipo ukate. Halafu hufunguliwa, huhamishwa, hufungwa. Mara 60! Ubapa uliolegea hupinda ndani ya mbao, nao uliokazwa kupita kiasi hukatika. Wazoefu huugusa kwa kidole kama wagusavyo uzi wa zeze, wakasikiliza mlio wake. Tena mkataji ndiye achaguaye mbao, naye hutazama nyuzi za mti zinakwenda wapi, maana shina jembamba la ua likikatwa kwa kupingana na nyuzi litavunjika siku ya kupigwa msasa. Ndiyo sababu wengi hupenda plaiwudi nzuri ya mti wa bachi, ambayo tabaka zake zimepishana. Hubandika juu ya mbao utepe wa kufungia maboksi, ili msumeno usiiunguze. Huvaa kitambaa puani, kwa kuwa vumbi la mbao si mchezo: mwaka 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani walilitangaza kuwa ni kitu kinacholeta saratani kwa wanadamu. Mtu aliyetaabika hivi jioni kumi, kisha akaambiwa amefuata mistari tu, ana haki ya kuhuzunika.

Lakini sasa tumtazame aliyechora. Msomaji achukue picha ya uso wa babu yake, ajaribu kuigeuza iwe mchoro wa kukatwa. Mahali penye kivuli patatobolewa, na mahali penye mwanga patabaki mbao. Vema. Ila jicho lina mwanga mdogo ndani ya kivuli. Ukikizunguka kivuli kwa msumeno, ule mwanga utaanguka chini na jicho litabaki shimo tupu. Basi mchoraji hana budi kuacha daraja, ukanda mwembamba wa mbao uushikao mwanga ule na shavu, tena uonekane kama mkunjo wa kope wala si kama kijiti kilichopachikwa. Kila kipande cha uso lazima kishikwe na kingine, na uso wote lazima ushikwe na fremu, na babu lazima abaki kuwa babu. Mchoraji hodari hukaa siku nyingi juu ya kazi hiyo. Ikikwisha, mkataji hata haoni taabu yake, kwa sababu madaraja mazuri hayaonekani.

Basi nani ana haki? Mimi naona iko njia moja ya kupima, nayo ni kuuliza kwanza habari ya lawama. Watu hugombea sifa kwa kelele, lakini lawama haina mgombea; kwa hiyo yenyewe hutuambia kweli. Mstari ukiwa na mawimbi, shina likiwa limevunjika, ukingo ukiwa umeungua, nani alaumiwe? Hakuna atakayeandika barua kumkaripia mchoraji. Lawama ni ya mkataji, na kwa hiyo mstari ulio laini ni sifa yake kweli kweli. Walakini jicho likianguka kwa kukosa daraja, au babu akifanana na mtu mwingine, mkataji atasema, "Nimekata kama nilivyopewa," naye atakuwa na haki. Lawama ile ni ya mchoraji, basi na sura nzuri iwe sifa yake. Sifa iende mahali ambapo lawama ingalikwenda.

Kwa kipimo hiki, yeye asemaye "Nimeikata mimi" amesema kweli, naye asemaye "Nimeibuni mimi" kwa mchoro wa mwingine amesema uongo. Shida ni kwamba neno letu "nimetengeneza" lina upana, nalo huwafunika wote wawili. Mgeni akitazama ukutani husifu vyote pamoja, sura na mkato. Mkataji akinyamaza amepokea mikono yote miwili sifa ambayo nusu yake si yake.

Yamkini msomaji atasema: Haya ni makubwa mno kwa kitu kidogo. Mtu anakata msalaba kwa furaha yake, hauzi, hali chakula chake kwa kazi hiyo. Kuna ubaya gani akinyamaza? Mimi nasema, kwa sababu hiyo hiyo ubaya unazidi. Seremala auzaye mlango amelipwa fedha. Ukimnyima sifa amebaki na ujira wake. Lakini mtu achoraye kwa mapenzi, akautoa mchoro wake bure au kwa bei ndogo ili wengine wafurahi, ujira wake ni upi? Ni jina lake kutajwa, basi. Ukiliondoa hilo umemnyang'anya mshahara wote. Tungemwita nani mtu ambaye angemnyima kibarua mshahara wake wote, kisha akasema ni kitu kidogo?

Mwingine atasema kwa upole zaidi: Lakini Mkristo hatakiwi kutafuta sifa. Bwana alitufundisha kutoa sadaka kwa siri. Ni kweli, na mtu akitaka kukata fremu nzuri asiandike jina lake popote, na abarikiwe. Ila angalieni: ile ni sifa yake mwenyewe aitupayo. Hakuna andiko linipalo ruhusa ya kuitupa sifa ya jirani yangu, nikajiita mnyenyekevu.

Maandiko yenyewe yametunza majina kwa uangalifu wa kushangaza. Katika kitabu cha Kutoka, mfano wa hema ulionyeshwa mlimani, na Musa akaupokea. Walakini aliyechonga mbao na kufua dhahabu hakuitwa "fundi mmoja". Katika mlango wa 31 atajwa kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani, na yasemwa ya kuwa ustadi wao walijazwa na Roho wa Mungu. Hakuna aliyesema wamefuata mfano tu. Tena katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 28, Daudi ampa Sulemani mfano wa hekalu na vyumba vyake. Sisi twaliita hekalu la Sulemani. Lakini mwandishi hakumficha Daudi aliyetoa mfano, wala, katika kitabu cha Wafalme, hakumficha Hiramu, mwana wa mjane wa Naftali, aliyekuja kutoka Tiro kufanya kazi za shaba. Mwenye mfano, mwenye kujenga, mwenye mikono: wote watatu wamo. Nasi twafanya vivyo hivyo kanisani bila kufikiri. Kwaya ikiimba vizuri twawasifu waimbaji, na hakuna mwimbaji adhaniye ya kuwa ameutunga wimbo.

Hapa dada zetu wasukao mikeka wanaweza kuniuliza: "Mwalimu, je, sisi tu wezi? Mistari tuisukayo twaliifundishwa na mama zetu, nao na mama zao, wala hatumtaji mtu." La, ninyi si wezi. Mstari ule umepita mikono mingi hata hauna mwenyewe mmoja. Ni mali ya wote, kama methali. Hakuna anyimwaye kitu mkinyamaza. Mambo hubadilika pale mtu mmoja aliye hai, au aliyekufa juzi, alipokaa na kalamu akachora kitu ambacho hakikuwako. Hata serikali imelitambua hilo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi, na wachoraji wamo, haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wachoraji wengi wa michoro ya misumeno huruhusu mtu akate na hata auze vitu vichache alivyokata kwa mkono wake. Wanachokataza ni kuunakili mchoro wenyewe na kuugawa au kuuuza. Yafaa kuyasoma masharti yaliyoandikwa pembeni kabla ya kushika msumeno.

Kipimo chetu cha lawama chasaidia pia katika mambo magumu kidogo. Wakataji hufunga mbao nyembamba tatu au nne pamoja, wakazikata mara moja, ili wapate picha nne kwa kazi ya moja. Wengine huona ni udanganyifu, maana ile ya chini haikuonekana na macho. Mimi sioni hivyo. Ubapa ukiinama kidogo, picha ya chini huharibika, na lawama ni ya mkataji yule yule. Basi zote nne ni kazi yake. Asimwambie mnunuzi tu ya kuwa iko moja peke yake duniani.

Sivyo ilivyo kwa mashine mpya ikatayo kwa mwali wa mwanga. Hiyo hupewa mchoro na kompyuta, nao mwali hupita penyewe juu ya mbao na kuacha ukingo wa rangi ya kahawia kwa kuungua. Mwenye mashine ana kazi ya kuchagua mbao na kupima nguvu ya mwali, nayo ni kazi halali, simdharau. Lakini mstari ukiwa umenyooka, hakuna mkono uliounyoosha, na ungalipinda tungaliilaumu mashine. Kwa hiyo mtu awekaye vitu hivyo katika meza ya mnada wa kanisa, kando ya vitu vya msumeno, na kuviandika "kazi ya mkono", amewadhulumu wawili: mnunuzi, na jirani yake aliyefungua na kufunga ubapa mara 60. Jirani huyo hawezi kushindana naye kwa bei. Kitu pekee alichobakiwa nacho ni neno hilo "mkono", na sasa limechukuliwa.

Siku hizi kompyuta huchora pia. Mtu huiambia, "Nichoree uso wa simba wa kukata," nayo huchora kwa kufuata michoro mingi ya watu ambao hawatajwi. Mara nyingine husahau madaraja, na kipande huanguka. Nani alaumiwe hapo? Nadhani ni yule aliyeomba mchoro akaukata bila kuukagua. Basi sifa ya uchoraji ingekuwa yake pia? Moyo wangu wakataa, kwa kuwa wale waliochora kwanza wamo humo ndani kama watu waliofunikwa blanketi. Hapa kipimo changu chapwaya, nami naliona hilo.

Kwa kazi za kawaida, lakini, njia ni nyepesi, na baadhi ya wakataji wameizoea. Kila ubao una mgongo. Ugeuze, upige msasa kidogo, na kwa kalamu uandike kabla ya kupaka vanishi: mchoro wa fulani, umekatwa na fulani, mti gani, mwaka gani. Kama jina la mchoraji halijulikani, andika tu, "Mchoro si wangu." Haichukui dakika mbili, tena haiharibu uso wa kazi.

Liko jambo moja ambalo sijalimaliza, nami nawaachia wasomaji, hasa walio maseremala. Mtu akichukua mchoro wa mwingine, akaongeza majani mawili, akabadili fremu, akageuza uso utazame kushoto, amefika wapi? Abadili kiasi gani hata aweze kuandika, "Mchoro ni wangu"? Fundi mmoja aliniambia, "Nikiweza kuuchora tena bila kuutazama ule wa kwanza." Jibu lake lanipendeza, lakini mwanafunzi aliyekariri insha ya mwenzake naye aweza kuiandika bila kuitazama. Mwenye jibu lililo bora na alete kwa mhariri.